Hapa kwenu mna nini cha kutazama?

Swali hilo niliulizwa stendi ya Kange, Tanga, asubuhi moja ya mwezi wa sita. Nilikuwa nimemsindikiza shangazi anayerudi Korogwe, basi lake limeshaondoka, nami nimekaa kwenye benchi la muuza kahawa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo aliyevaa buibui, begi dogo miguuni. Alikuwa ametoka Mombasa kupitia Horohoro, anaelekea Dar kwa mwanawe. Basi lake liliharibika na fundi alisema itachukua saa mbili.

Laini yake ya Kenya haikushika mtandao, nikamwazima simu akampigia mwanawe. Aliponirudishia, akasema, "Ahsante mwanangu. Sasa nina saa mbili za bure. Hapa kwenu mna nini cha kutazama?"

Nilijibu papo hapo, kwa fahari. Mapango ya Amboni. Magofu ya Tongoni. Pangani, na mto wake. Kama angekuwa na siku tatu, apande Lushoto akaone milima ya Usambara.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Na hapa mjini?"

Nikanyamaza.

Nimezaliwa Bombo. Nimesoma hapa, baba yangu alifanya kazi bandarini hapa hadi alipostaafu. Na sikuwa na jibu la saa mbili. Nikamwambia Tanga ni mji wa viwanda na bandari, watu huja kwa kazi. Akatikisa kichwa, akanunua kashata, tukazungumza mambo ya bei ya mchele.

Basi lilipokuwa tayari, akasimama, akakumbuka jambo. "Marehemu mamangu alikuwa na kaseti za taarabu, za Lucky Star na za Black Star. Akipika lazima azisikize. Wale walikuwa wetu wa Mombasa, sivyo?"

"Wa hapa, mama. Wa Tanga."

Uso wake ulibadilika kabisa. "Wapi hapa?"

Dereva akapiga honi. Akapanda basi. Nami sikuwa na cha kumjibu hata kama basi lingengoja.

Wapi hapa

Wiki ya kwanza nililiona jambo dogo. Ya pili nikaanza kulala nalo. Kila nilipokatiza Ngamiani kwa baiskeli, barabara zile zilizopewa namba badala ya majina, Barabara ya Nane, ya Tisa, ya Kumi, nilijikuta natazama nyumba na kujiuliza ni ipi walimopigia.

Nikaanza kuuliza watu swali lile lile nililoulizwa mimi. Vijana wa bodaboda, jirani yangu fundi cherehani, rafiki zangu wa kijiweni. Majibu yao yalikuwa yangu. Mapango. Magofu. Raskazone kwa wanaopenda kuogelea na kula pweza jioni. Mwalimu mmoja wa historia alinipa vita vya Novemba 1914: jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India, watu wapatao 8,000, likashindwa hapa na Wajerumani na askari wao waliokuwa kama elfu moja tu, na nyuki wakavamia watu wa pande zote.

Kisa cha nyuki kinapendwa sana. Kimeandikwa kwenye vitabu vingi huko Ulaya, na makaburi ya wanajeshi wale yanatunzwa mpaka leo.

Vita vyenyewe vilichukua siku zisizozidi nne. Muziki wa Tanga ulichukua zaidi ya miaka 30, ukavuka mpaka, ukaingia majikoni kwa watu Mombasa. Katika wote niliowauliza, hakuna aliyeutaja bila mimi kumkumbusha. Nilipowakumbusha, kila mmoja alisema, "Aaa, kweli!" na akawa na la kusimulia. Hapo ndipo nilipoanza kuumia. Tunakijua, ila hatukihesabu.

Kwa nini alidhani ni wa Mombasa

Yule mama hakukosea kijinga. Santuri nyingi za vikundi vya Tanga zilitolewa Kenya, na lebo za Mombasa na Nairobi. Mtu akinunua santuri kwenye duka la Mombasa, akaipiga nyumbani kwake Mombasa, na Kiswahili kilichomo anakielewa neno kwa neno, atauliza ya nini ilirekodiwa na nani?

Lakini sauti ile ilizaliwa hapa. Taarabu ya Unguja iliyotangulia ilikuwa na udi, kanuni, fidla nyingi, wapigaji wameketi safu kwa safu. Vikundi vya Tanga vya miaka ya 1960 vilipunguza watu, vikaingiza gitaa la umeme na besi, kodiani ikashika nafasi ya fidla, na mdundo ukasogezwa karibu na ngoma za mtaani mpaka mwili ukakubali kuinuka. Mashairi yakawa ya Kiswahili cha watu wa nyumba ya jirani. Ukisikiliza besi ya Black Star utajua ninachosema: haina haraka, inatembea kama mtu anayetoka kazini na hajaamua aende nyumbani au apitie kwa rafiki.

Mombasa waliichukua. Dar waliichukua. Shakila binti Said, mzaliwa wa Pangani, aliimba Black Star, kisha Lucky Star, baadaye akahamia Dar kwenye taarabu ya jeshi, na alipofariki mwaka 2016 nchi nzima iliomboleza. Habari nilizosoma siku zile zilimwita malkia wa taarabu. Tanga ilitajwa kwa haraka haraka, kama stendi aliyopitia.

Na hiyo ni taarabu tu. Upande wa dansi, mji huu ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwa wakati mmoja. Jamhuri ilianza katikati ya miaka ya 1950 ikiitwa Young Nyamwezi. Humo walipita ndugu watatu wa Tanga, Wilson, George na William, wana wa Kinyonga. Wakaondoka kwenda Arusha, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakavuka kwenda Nairobi na kuanzisha Simba Wanyika. Wakenya wa rika la wazazi wangu wakisikia magitaa yale matatu yakifukuzana, wanaona ujana wao wa Nairobi. Wana haki. Lakini mikono ile ilijifunza hapa.

Kuna usemi wa zamani kuhusu mji wetu: Tanga, waja leo waondoka leo. Niliuimba nikiwa mtoto bila kuusikiliza.

Namba ya babu

Jina Young Nyamwezi lilinikaa kichwani. Wanyamwezi vijana walitafuta nini pwani ya Tanga?

Walitafuta kazi, kama babu yangu mzaa mama. Yeye alikuwa Muha wa Kasulu, aliletwa na Silabu, wakala wa wenye mashamba ya mkonge aliyekusanya vijana huko bara na kuwasafirisha kwa treni na malori. Aliyefika alipewa namba, na namba ikawa jina lake, ndiyo maana wakaitwa manamba. Alipewa na kipande, kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Siku isiyotimia haikuandikwa na haikulipwa. Walikuja Waha, Wanyamwezi, Wabena, Wangoni, Warundi, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Waliukata mkonge, wengine wakasimama kwenye korona, mashine ya kuyasaga majani na kutoa singa, yaani nyuzi, maji machafu yenye kuwasha yakiwarukia miguuni mchana kutwa.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Ulitoka Amerika, ukaletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na inasemwa miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Mwaka huo huo wakaanza kujenga reli kutoka Tanga kwenda milimani, reli ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Kutokana na miche ile, miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilipita kwenye gati letu. Halafu zikaja kamba za nailoni, mashamba yakataifishwa na kusimamiwa vibaya, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 zikabaki tani kama 20,000.

Hapa nilikwama kwa siku kadhaa. Nilikuwa nimeanza kuandika makala hii kwa furaha, nikitaka kusema mkonge ulituletea muziki. Kisha nikaona nakaribia kuyasifia mateso. Je, mtu anaweza kuyatazama maisha ya kipande na korona akasema, tazameni utamaduni wetu ulivyo mzuri? Babu alikufa na kifua kibovu. Hakuwahi kutusimulia habari za kambini.

Nikaenda kumwuliza bibi. Ana umri mkubwa sasa, husikia kwa sikio moja.

"Jumamosi kila kabila lilitoa ngoma yake," akaniambia. "Wamakonde na sindimba yao. Sisi na yetu. Wabondei wanakuja kutazama, baadaye wanaingia. Babu yako akicheza, Jumapili hafai kitu."

"Lakini bibi, si mliteseka?"

"Tuliteseka."

"Na mkacheza?"

"Na tukacheza. Wewe unataka nikuchagulie kimoja?"

Sikuwa na la kusema. Nilimsaidia kuosha mchele.

Tangu siku ile nimeacha kuhofia kwamba kuutaja uzuri ni kuyafuta maumivu. Waliokuwa kambini hawakuvitenganisha. Wakati Wanyamwezi vijana wanashika magitaa mjini, walikuwa wanaendeleza Jumamosi ya kambini, safari hii kwa umeme.

Mawe na sauti

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi za utalii alinisikiliza, kisha akasema, "Mgosi, nakuelewa. Lakini utamwonyesha mgeni nini? Atapiga picha ya nini?"

Hoja yake ni nzito. Pwani yetu yote, miji iliyotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia imetambuliwa kwa mawe. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981. Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Lamu mwaka 2001. Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 2011. Nafurahia yote hayo, na nimekwenda kuyaona kwa macho yangu yote isipokuwa Songo Mnara. Lakini tumezoea kuupima Uswahili kwa mlango wa nakshi na ukuta wa matumbawe. Mji usio na milango hiyo tunauhesabu kama ghala.

Tanga ina majengo yake. Boma la zamani la Wajerumani sasa ni makumbusho, chini ya watu wa Urithi Tanga, na nilikaa humo mchana mzima nikitazama picha za stesheni na gati. Wamefanya kazi ya kuheshimiwa. Lakini majengo yale mengi ni kumbukumbu ya waliotutawala. Cha kwetu zaidi hakikujengwa kwa mawe. Kilipigwa, kikaimbwa, kikaandikwa.

Kuandikwa, kwa sababu Kiswahili cha magazetini kina deni kwa mji huu. *Kiongozi*, gazeti la Kiswahili lililosomwa na makarani na walimu katika koloni zima la Wajerumani, lilipigwa chapa hapa Tanga, kwenye shule ya serikali, tangu miaka ya mwanzo ya 1900 hadi vita vilipolizima. Vijana wa shule walipanga herufi za risasi moja moja. Kabla yake, Magila, upande wa Muheza, wamisionari na wanafunzi wao walikuwa tayari wanachapa habari za kila mwezi kwa Kiswahili.

Kisha kuna Shaaban Robert.

Alizaliwa Vibambani, kusini kidogo ya mji, mwaka 1909. Kila mtoto wa shule Tanzania na Kenya amesoma kitu chake. Tunamwita wa taifa, wa Afrika Mashariki, na ni sawa. Lakini hebu tuyatazame maisha yake kwa macho ya mji wa kazi. Alikuwa karani wa serikali. Forodhani Pangani, idara ya mifugo Mpwapwa, baadaye ofisi ya upimaji Tanga. Hakuwa mwanachuoni wa kulipwa kwa kuandika. Alitoka ofisini jioni, akakaa, akaandika. Na baba yake alikuwa na asili ya Kiyao: naye pia ni mwana wa waliokuja.

Jumapili moja nilikwenda Machui alikozikwa. Sikuwa na la kufanya pale zaidi ya kusoma Fatiha na kusimama. Njiani kurudi, vumbi jekundu limejaa kwenye mnyororo wa baiskeli, nilikuwa na orodha mpya kichwani: karani anayeandika usiku, kuli anayepiga besi, manamba anayecheza Jumamosi, mwanafunzi anayepanga herufi. Wote kazi yao ya mchana ilikuwa ya mtu mwingine. Jioni ilikuwa yao.

Nadhani ndicho nilichopaswa kumwambia yule mama. Hapa mjini cha kutazama ni walichofanya watu baada ya zamu.

Ninayoyaogopa

Sitaki nionekane nina uhakika kuliko nilivyo.

Kwanza, najiuliza kama huu si upendo wa nyumbani tu. Morogoro nayo ilikuwa na bendi kubwa. Tabora ilikuwa na Tabora Jazz. Kila mji wa reli una wazee wanaoapa kwamba dansi la kweli lilipigwa kwao. Nimelipima hilo mara nyingi, na kwenye dansi nakubali: Tanga ilikuwa mmoja kati ya wengi wazuri. Kwenye taarabu sikubali. Pale mji huu ulibadilisha kitu, na wengine wakafuata. Mtu anayejua alete hoja, nitamsikiliza.

Pili, naogopa kile ambacho kutambuliwa huleta. Nikifikiria Tanga imetangazwa kuwa mji wa utamaduni, naona kamati ikikaa kuchagua kipi kiingie. Taarabu ya zamani itaingia, imeshakuwa ya heshima. Shaaban Robert ataingia. Baikoko je? Ni ngoma ya Tanga, ya wanawake wa Tanga, viuno na vigoma, imesambaa nchi nzima, imewahi kukemewa na kupigwa marufuku kwa kuvunja maadili. Mimi binafsi nikiikuta barabarani watoto wamejaa kutazama, hupita haraka. Lakini nakumbuka kwamba wapo waliokemea hata taarabu ilipoanza kuinua watu vitini. Sijui kama nina haki ya kusema ngoma ya bibi ni utamaduni na ngoma ya msichana wa Mabanda ya Papa ni uchafu, wakati zote ni za watu wanaochoka wiki nzima na kujipa usiku mmoja. Kamati itasema inajua. Hilo linanitisha.

Tatu, wazee wanaondoka. Hili halingoji mjadala. Rekodi nyingi za bendi zetu zimo kwenye maktaba ya sauti ya iliyokuwa Redio Tanzania, Dar. Zilizobaki ni kaseti majumbani, na kaseti hazipendi joto la Tanga. Kama kuna utambuzi ninaoudai leo bila kusitasita ni huu: mtu akae na wazee wa Ngamiani, Chumbageni na Makorora, arekodi nani alipiga nini, mwaka gani, nyumba gani. Tena uwe utaratibu wa kudumu wa mji wenyewe, wenye chumba na mlinzi. Mgeni mwenye kamera na wiki mbili hawezi kuumaliza.

Nimesema kwamba viwanda vilikufa? Sikusema, kwa sababu kila msomaji wa Tanga ana orodha yake: mbolea, chuma, na vingine. Wagosi wa Kaya, kundi la rap la hapa Tanga, walishalirap hilo tukiwa vijana, na swali lao la nini kimeupata mji liliuma kuliko hotuba yoyote.

Sasa bandari inaamka. Tulikuwa tumezoea meli kutia nanga mbali, shehena ikifuatwa na matishari. Baba yangu alimaliza miaka yake yote ya kazi hivyo. Kwenye maboresho ya karibuni, yaliyogharimu shilingi bilioni 429.1, kina cha gatini kimechimbwa kutoka mita 3 hadi mita 13, na meli zinafunga gatini zenyewe. Upande wa Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Vijana wanakuja tena, kutoka kila mahali, wamepanga vyumba mpaka Pongwe. Nikipita jioni nawaona wamekaa vibarazani na simu, kila mmoja na spika yake ndogo. Natamani kujua wataunda nini. Waliokuja kabla yao walihitaji kama miaka 20 kutoka kwenye namba hadi kwenye gitaa.

Alhamisi

Wiki ya tano simu ikaita, namba ya Dar. Ni mwanawe yule mama. Namba yangu ilibaki kwenye simu yake tangu siku ile ya Kange. "Mama anarudi Mombasa Alhamisi. Anasema atashuka Tanga alale usiku mmoja. Anasema wewe una jambo la kumwonyesha."

Sikumbuki kumwahidi. Lakini wakati huo nilikuwa nimeshampata mzee.

Nilimpata kwa kuulizia kahawani, Barabara ya Kumi na Mbili, ambako watu wanapiga bao tangu alasiri. Ni kuli mstaafu, amefanya kazi kwenye matishari miaka mingi, na baba yake alikuwemo katika mgomo wa makuli wa 1939, ulioanzia Mombasa ukatufikia. Mara ya kwanza alinijibu maneno matatu. Mara ya pili aliniuliza baba yangu ni nani. Nilipomtaja, akasogea kwenye benchi nikae.

Alhamisi tulifika kwake na bajaji saa kumi. Mama akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetoka Mombasa? Karibu. Tulikuwa tukija kwenu kwenye harusi, tukirudi alfajiri moja kwa moja kazini."

Alitupeleka nyumba ya tatu kutoka kwake, ya udongo na chokaa, bati limeshika kutu, inakaa familia nyingine sasa. Mwenyewe alituruhusu uani. Pana mwembe, kamba ya nguo, ndoo za maji. Mzee akasema kikundi chao cha mtaa kilifanyia mazoezi pale. Hakikuwa kikundi chenye jina kubwa, lakini wenye majina walikuwa wakija kukaa nao na kubadilishana nyimbo. Akaonyesha kwa fimbo. Hapa kodiani. Pale waimbaji wanawake, kwenye mkeka, na majirani ukutani. "Mimi na besi nilikuwa hapa, mgongo kwenye mwembe, maana nimebeba magunia tangu asubuhi."

Mama aliutazama ule uwanja mdogo kwa muda mrefu. Watoto wa nyumba walikuwa wamekuja kututazama sisi.

Kisha akaanza kuimba, polepole, wimbo wa kaseti ya mama yake, bila ala, macho ameyafumba. Mzee akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa vinatembea kwenye fimbo.

Alipofika ubeti wa pili mzee akainua mkono. "Sivyo, mwanangu. Neno hilo silo. Labda kaseti yenu ilikuwa imechakaa." Akamtamkia neno lenyewe.

Mama akalirudia chini chini mara mbili, kama mtu anayeonja chumvi.

Akaanza ubeti upya, na neno la mzee.